Kengele ya Akaunti ya Ndege

Jumatatu, 9 Machi
Mkuu kanivunja nguvu leo. Eti Ijumaa kikaoni anafunga kitengo chetu cha pete! Sisi tunavalisha ndege pete mguuni, zenye namba na anwani ya barua pepe, ili atakayemwona ndege popote atuandikie. Eti tangu Shangazi astaafu hajaandika mtu. Ndege wenu walishakufa, kasema. Shangazi yangu kaimalizia nguvu zake kazi hii. Mimi nimerithi kiti chake, na kikombe kilichokatika mkono. Nitamwambia nini?

Jumanne, 10 Machi
Nimewaza — hawaandiki, au hatusikii? Kompyuta yangu ina akaunti tatu: yangu, ya ofisi, ya ndege. Nikajitumia barua kote. Yangu — ting! Ya ofisi — ting! Ya ndege — kimya kama maji mtungini. Na kwenye kikasha cha barua haimo! Nikamwita fundi wa kompyuta, Bwana Zima-Washa, maana dawa yake ni hiyo hiyo kwa kila ugonjwa. Akazima. Akawasha. Wapi! Labda ndege wamelala, kasema. Ningempiga kwa kikombe.

Jumatano, 11 Machi
Mtafutaji hachoki! Setingi za arifa ziko sawa, akaunti zote tatu. Basi nikabonyeza kishale kidogo kando ya akaunti ya ndege. Kumbe chini yake kuna folda! Zima-Washa akajishika kichwa. Ni yeye, siku Shangazi alipoondoka, aliyeiamuru kompyuta iingize barua zote za ndege humo zisichanganyike na matangazo. Na kengele inalinda kikasha kikuu tu. Folda lazima uitie tiki yenyewe ndipo kengele ilie. Nilitaka kuwasaidia, kasema kwa sauti ndogo.

Ndani — barua! Nahodha wa meli ya mizigo: ndege katua, kalala juu ya kamba, asubuhi kaondoka. Mwalimu kutoka nchi ya theluji: darasa zima limempungia ndege mkono. Bibi mmoja: ndege kajigonga dirishani kwake akafa, amemzika, anaomba radhi. Kiumbe unayeweza kumfumbata kiganjani, kavuka bahari! Nimelia pale pale mezani. Zima-Washa anafuta skrini isiyo na vumbi.

Tumetia tiki. Nimejaribu. Ting!

Alhamisi, 12 Machi
Nimempelekea Mkuu barua hizo. Kasoma moja, kaguna. Hizi za mwaka jana, kasema. Yuko wapi aliye hai leo? Nimemwalika Shangazi kikaoni. Asisikie kwa watu.

Ijumaa, 13 Machi
Naandika chini ya meza. Shangazi yuko kando yangu, mkoba mapajani, kanyooka. Kompyuta iko wazi, sauti juu kabisa. Zamu yetu imefika. Mkuu kashika kalamu atie sahihi.

Ting!

Akaunti ya ndege! Zima hiyo, kasema Mkuu. Shangazi kanibana mkono: soma, mwanangu.

Nimesoma kwa sauti. Picha: mguu mwembamba, pete iliyochakaa — ya enzi za Shangazi! Aliyeandika kamkuta ndege kanasa kwenye wavu wa bustani. Yuko mkononi mwake sasa hivi, mzima, moyo unamdunda. Anauliza: nimwachie?

Ee Mungu wangu. Hata Mkuu kasogea kutazama, kalamu hewani, karatasi bado haina sahihi.

Shangazi kasimama. Machozi yanamtiririka, hayafuti.

Mjibu upesi, ananiambia. Mwambie amwachie.