Jenereta ya Gari-Nyumba na Mayai ya Mama Upendo

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, Lipangalala yote tope. Umeme ulikatika tukiwa kwenye chai. Naandika haraka haraka, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi kazi yangu ni kutotolesha. Watu wananiletea mayai ya kuku wao, nayaweka kwenye mashine chumbani, vifaranga wakitoka tunagawana. Safari hii yamo mayai ya Mama Upendo, jirani yangu. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita kwake kikafagia banda zima. Alibaki tetea mmoja, naye akafa akiwa ameshataga. Mbegu ile ya kuku wakubwa aliachiwa na marehemu mama yake kule Mofu, haipo tena popote. Yaani ukoo mzima umo ndani ya mashine yangu, na leo ndiyo siku ya kudonoa ganda.

Mashine bila umeme ni sanduku tu.

Ndipo nikakumbuka gari. Wazee wawili wageni, mtu na mkewe, wameegesha uani kwangu gari-nyumba lao, lina kitanda, jiko, hata choo. Mvua iliharibu njia, wakaliacha hapa, wakapanda bodaboda kwenda Idete. Kabla ya kuondoka mzee alinionyesha kitufe: umeme ukikatika, washa, tumia. Nilicheka moyoni. Gari la kuwashia nyumba?

Nikabonyeza.

Jamani! Kitu kikanguruma ubavuni mwa gari, nikaruka nyuma nusura nianguke topeni. Nikavuta ekstensheni, nikaipitisha dirishani, nikachomeka mashine ya mayai. Ikawaka. Nilisimama palepale kwenye mvua nimeshika mdomo kama mshamba. Gari limesimama, haliendi kokote, halafu linapasha mayai joto ndani ya nyumba yangu!

Muda si muda majirani wakaanza kuingia. Kwetu mtu akija kuomba moto humnyimi. Ukimnyima hata kaa moja, utasemwa mpaka siku ya msiba wako. Na umeme nao si moto? Zikaja simu, zikaja taa za kuchaji, mmoja akaja na mashine ya kunyolea. Nikachomeka vyote, na sifa nikazipokea. Mama Upendo naye akaja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye mayai. Alipoona watu wamelowa, akawahurumia. Akaenda kwake, akarudi na birika la umeme awachemshie chai. Akachomeka mwenyewe.

Kila kitu kikazima.

Jenereta ya gari ilikuwa bado inanguruma uani, lakini chumbani hakuna taa hata moja. Mama Upendo alielewa kabla yangu. Akakaa sakafuni. "Nimewaua kwa mkono wangu," akasema.

Nilikuwa na hasira za kumfokea mtu, na yeye ndiye sikuweza kumfokea. Nikaifunika mashine blanketi, nikakimbilia garini. Kwenye kabati la mlangoni swichi moja ilikuwa imejiangusha. Birika lilivuta umeme kuliko uwezo wa jenereta. Nikarudi ndani nikiwa nimejiandaa kugombana na watu wachomoe simu zao.

Walikuwa wameshachomoa. Hakuna aliyewaambia. Kila mtu ameshika chake mkononi, na kwenye ekstensheni imebaki waya mmoja tu, wa mayai.

Nikaenda nikainua ile swichi.

Taa ya mashine iliporudi hakuna aliyeaga. Tulichuchumaa mbele ya kioo, tumebanana. Tukasikia vifaranga wanalia wakiwa bado ndani ya mayai. Kisha yai moja likatikisika, kipande cha ganda kikadondoka, mdomo mdogo ukachungulia. Nimewatotolesha vifaranga wengi maishani, lakini leo nywele zilinisimama. Mungu wangu, kitu kidogo vile kinapigana hivyo! Mafuta ya watu nisiowajua vizuri, chumba kizima cha watu wenye simu zilizozima, na yeye hajui lolote, anasukuma tu.

Jioni umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga kelele, "Umerudiii!" Chumbani kwangu hakuna aliyeinua kichwa. Mama Upendo tu ndiye aliyegeukia dirisha, kakunja uso.

"Punguzeni kelele huko, mtawatisha watoto!"

Kesho wazee wanarudi kutoka Idete. Sijui nitaanzia wapi kuwaeleza kwamba gari lao limezaa.