Nyumba kwa Jina la Muataz

Jumatatu, 3 Juni 2024
Notisi imebandikwa mlangoni. Nimetoka sokoni nikawakuta majirani wanaisoma — wakanipisha. Mkataba wa nyumba hii ya shirika uko kwa jina la mume wangu, Muataz, na Muataz haishi hapa. Nihame mwisho wa mwezi.
Haishi hapa. Hata mimi najua. Alikwenda Muscat kutafuta kazi, binti yetu Kholood bado ananyonya. Sasa mtoto yuko darasa la nne. Simu zilikatika zamani.

Jumatano, 5 Juni
Ofisini. Bwana Hamidu, afisa wa nyumba, kanikaribisha kiti. Mke anaweza kuandikishwa badala ya mume, kasema, ila nilete cheti cha kifo au talaka.
"Sina hata kimoja," nikamwambia. "Nina mume."
"Yuko wapi, mama?"

Ijumaa, 7 Juni
Kaka yangu Ghaith kaja baada ya swala. Anataka twende kwa kadhi — mume aliyepotea miaka yote hii, ndoa inavunjwa, nyumba nabaki nayo. Nikamuuliza, akirudi je?
"Angetaka kurudi, dada, njia anaijua."
Ndiyo maana sitaki kuhama. Atagonga mlango upi? Lakini ili nibaki, lazima niseme mbele ya watu kwamba simngoji tena.
Bado nalala upande wangu wa kitanda.

Jumatatu, 10 Juni
Kholood kauliza baba yake alikuwa na sauti gani. Nikajaribu kumwigiza. Nikashindwa. Nikamwambia nina mafua.

Alhamisi, 13 Juni
Kwa kadhi, mimi na Ghaith. Maelezo yote kayatoa Ghaith, vizuri, bila kumsema vibaya Muataz. Kisha kadhi kanigeukia.
"Nataka nikusikie wewe, binti yangu. Unaomba nini?"
Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nimeyarudia maneno.
"Naomba atafutwe," nikasema.
Ghaith kainamisha kichwa. Kadhi kasema ataulizia Muscat, lakini majibu huchelewa, na shirika halitangoja. Niende nikafikiri tena, kasema, turudi baada ya Idi.
Njia nzima Ghaith alitembea mbele yangu.
Nimeanza kufunga nguo za Kholood. Zangu bado. Zake Muataz nimezitoa sandukuni, kanzu na mashati, nimezifua zote. Ziko kambani, zinakauka, kama za mtu anayeishi hapa.