Baba, Niliizamisha Injini Yako

Baba,

Nimekukasirikia. Nilipanga kuanza vizuri, nikusalimie, nikwambie mahindi yamefika wapi, lakini kila nikishika kalamu hasira ndiyo inatangulia. Jumapili iliyopita nilishuka mpaka kaburini kwako, hapo chini ya mikahawa, nikakusemesha kwa sauti. Jirani akapita na mzigo wake wa majani ya ng'ombe, akanisikia. Sasa anaulizia watu kama niko sawa. Kwa hivyo naandika.

Ni juu ya pikapu. Najua ungetaka nianze na habari za Mama, lakini habari za Mama na za pikapu zimekuwa kitu kimoja.

Ni miezi minane sasa tangu utuache. Nilifunga kibanda changu cha kushona kule Kiganjo, nikabeba cherehani yangu nikarudi hapa Mukurweini kukaa na Mama. Mwanao Kariuki alisema hawezi kuacha biashara ya mchele huko Wang'uru, nami nikamwambia ni sawa, ingawa haikuwa sawa. Nyonga ya Mama haijapona tangu alipoanguka, hawezi kukaa kwa boda boda hata kidogo. Na macho, Baba, macho yalizidi. Mtoto wa jicho alifunika yote mawili mpaka Mama akawa ananitambua kwa hatua zangu. Siku moja alitia chumvi kwenye chai ya mgeni. Alicheka sana mbele ya mgeni, halafu nikamkuta jikoni analia.

Hatimaye hospitali ya Nyeri ilitupa siku ya upasuaji, Jumatatu. Tulikuwa tumeingoja tangu ukiwa hai, kwa sababu ni wewe uliyemwandikisha. Ilitakiwa tuwe pale saa mbili asubuhi, na gari la kumfikisha lilikuwa moja tu, lako.

Tangu ufe hakuna aliyekuwa ameigusa ile injini. Nilikuwa naongeza oili, nafunga boneti, naenda. Vumbi la barabara yetu lilishikana na oili likawa tope jeusi, na tukipanda mlima harufu ya oili inayoungua ilikuwa inaingia mpaka ndani. Mama akaniambia, "Hii gari inanuka kama jiko ya mafuta. Nitafika kwa daktari nikiwa nimetapika." Kariuki naye kwa simu: "Si uipeleke carwash ipigwe maji! Ama uuze hiyo takataka." Nikakataa. Nilikukumbuka ukisema, "Hiyo maji ya nguvu inaingia mahali Mungu hakupanga maji iingie." Nikamwambia Kariuki nitaiosha mwenyewe, hapa nyumbani, kama Baba.

Kama Baba! Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Jumamosi zote za utoto wangu nilikuwa hapo kando ya boneti, na kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Mchana kweupe, tochi, kwa sababu wewe ulitaka kuona mpaka nyuma kabisa ya injini. "Shika vizuri. Usimulike kuku." Najua ulivyochanganya mafuta ya taa na sabuni ya unga kwenye mkebe. Najua brashi ya rangi ilikuwa ya tope na mswaki mzee ulikuwa wa kwenye nati. Najua ulimwaga maji kidogo kidogo kwa sufuria, hukuwahi kutumia mpira wa maji, na ulimaliza kwa kupaka mipira yote glycerine, ile ile aliyotupaka Mama miguuni kukiwa na baridi ya Julai. Na najua kabla ya tone lolote ulikifunika kile kifuniko cheusi cha distribyuta, pale zinapotoka nyaya za plagi, kwa karatasi nne za nailoni, ile mifuko ya dukani ya zamani, moja juu ya nyingine, na kufunga kwa kamba.

Hayo yote najua, Baba, lakini sababu yake hukuniambia hata moja. Niliwahi kukuuliza kwa nini nne, kwa nini si moja. Ukanijibu, "Kwa sababu nimesema." Kariuki uliyemwita akushikie spana alikuwa anasinzia akiwa amesimama, na bado Jumamosi iliyofuata ulimwita tena. Mimi niliyekuwa nauliza ulinipa tochi. Sijui kama uliwahi kuliona hilo. Mimi nililiona kila wiki.

Basi Jumamosi nikaenda stoo kuchukua zile karatasi zako. Ulikuwa umezihifadhi kwenye gunia nyuma ya mlango tangu zipigwe marufuku, zimekunjwa kama nguo za kanisa. Hazikuwepo. Nikasimama hapo mpaka nikakumbuka kwamba ni mimi. Wiki ya mazishi yako nilisafisha stoo ili akina mama wa mapishi wapate pa kuweka unga, nikaona gunia la karatasi haramu, na chifu mwenyewe anakuja kuzika. Nikazichoma. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zile zilikuwa vifaa vya kazi.

Sasa sikiliza ujinga wa fundi cherehani. Nilichukua mifuko miwili ya kitambaa, ile tunayouziwa dukani siku hizi, nikashona kofia ya distribyuta. Ndiyo, kofia! Niliipima, nikaikata, nikaitia lastiki chini, ikakaa pale imekamata vizuri sana. Nilijipongeza. Nikajiambia kumbe Baba alihangaika bure na kamba zake. Halafu mvua ikaanza kujikusanya upande wa Nyandarua, nikaona sufuria itanichelewesha, nikavuta mpira kutoka kwenye tangi.

Injini ilitoka safi, Baba. Ilimeta. Niliacha kofia pale pale ili umande usiingie, nikafunga boneti na sikuiwasha. Wewe ulikuwa unawasha kila ukimaliza, unaiacha ingurume huku unakunywa chai. Nilidhani ni raha zako tu. Jumapili hatukutoka, kwa hivyo pikapu ilikaa siku nzima na kitambaa chenye maji kimekumbatia distribyuta.

Jumatatu Mama aliamka mapema kuliko mimi. Alivaa gauni la kanisa na sweta yake ya kijani, akaketi kwenye kiti cha mbele na mkoba juu ya magoti. Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Nikarudia mpaka betri ikaanza kulegea. Jirani na wanawe wakaja wakasukuma mpaka chini kwenye mteremko, Mama akiwa ndani, ameshika mlango kwa mikono miwili. Wapi! Nikapigia watu watatu wenye magari. Wa tatu ndiye aliyekubali, lakini alikuwa Othaya, na mvua ya usiku ilikuwa imeharibu barabara yetu. Tulifika Nyeri saa tano. Nesi alitusikiliza kwa upole, akasema daktari ameshamaliza orodha yake, turudi baada ya wiki sita.

Wiki sita za giza kwa Mama, Baba, kwa sababu ya kofia.

Na unajua nilifanya nini? Nilidanganya. Mama aliponiuliza gari lina nini, nilisema, "Ni betri, imezeeka." Kariuki akapiga simu, nikamwambia vivyo hivyo, akaitukana pikapu yako. Niliiacha itukanwe kwa kosa langu.

Tuliporudi alasiri hiyo nilifungua boneti. Nikaivua ile kofia, bado ilikuwa inachuruzika. Nikafungua kifuniko cha distribyuta, na ndani kulikuwa na matone, yamekaa wazi kabisa pale moto unapogawiwa plagi. Nilikipangusa, nikakianika juani. Jirani akaniazima betri ya kuanzishia. Injini ikashika mara moja. Ilinguruma vizuri kama siku zote, na mimi nikakaa chini kwenye nyasi nikalia kwa hasira. Laiti ingekuwa imeharibika kweli!

Mama alikuwa barazani, bado na gauni lake la kanisa. Aliisikia. Akaniita, nikaenda, akanishika mkono.

"Betri haina shida," akasema. "Ni maji. Wewe na baba yako mko kitu moja."

Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia miaka thelathini na mmoja. Kwamba pikapu ilipokuwa ngeni hapa nyumbani uliiosha injini Jumamosi moja kwa ndoo nzima ya maji, bila karatasi hata moja, kwa sababu ulitaka mke wako apelekwe kujifungua na gari linalometa. Kwamba usiku huo uchungu ulimshika na pikapu ikakataa kuwaka. Kwamba alipelekwa na gari la maziwa, ameketi katikati ya mikebe, na wewe nyuma unakimbia kwa miguu. Mtoto aliyekuwa tumboni ni mimi. Na wewe ulisema kwa watu wote kwamba ni betri. Ulimwapisha Mama asiseme.

Ndiyo maana karatasi nne. Ndiyo maana ulikuwa unaiwasha baadaye na kuisikiliza. Kumbe ulikuwa na sababu, sababu nzuri kabisa, tena inanihusu mimi, na ukaona heri nikuone mkali kuliko nijue kwamba uliwahi kukosea. Sentensi moja tu, Baba! "Niliwahi kuizamisha." Ungenicheka nikakucheka, na Mama angekuwa anaona tangu ile Jumatatu.

Nilikaa na hasira hiyo siku nne. Ya tano nikaona kwamba hata mimi nimesema ni betri. Neno lile lile, na hakuna aliyenifundisha. Nikampigia Kariuki nikamwambia ukweli. Akasema, "Hiyo betri ni mimi nilinunua juzi tukizika Baba. Nilikuwa nangoja tu uniambie." Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini tangu hapo ananipigia kila jioni, na neno la kuuza halijarudi.

Wiki sita zilipoisha, siku yetu ya pili ya upasuaji ilikuwa Alhamisi. Jumatano niliiwasha pikapu mara tatu kama mwendawazimu. Alhamisi ikashika kwa mara ya kwanza. Tulifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Walimfanyia jicho la kulia, la kushoto litafuata, na jana wakamtoa bandeji.

Aliniangalia uso kwa muda mrefu, akasema nimekonda na nywele zangu ni aibu. Njiani kuja nyumbani alisoma kila kibao cha duka kwa sauti, mpaka vya kuuza mbolea. Nilikuwa naendesha nikilia na kucheka, na yeye akaniambia niangalie barabara. Ungekuwepo, Baba. Hilo nalo nimekukasirikia, kwamba hukuwepo.

Tulipofika hakuingia ndani. Aliniambia nifungue boneti, aone hiyo kazi iliyomkosesha daktari. Nikafungua. Akajishika kwenye mkongojo, akainama polepole, akatazama kila mahali, akagusa mpira mmoja akanusa kidole. Nilingoja kama mtoto wa shule.

"Umejaribu," akasema. Halafu akanyoosha kidole. "Lakini hapo nyuma ya betri ulifikiri ni nani ataosha?"

Nikatazama. Tope jeusi, Baba, la kiganja kizima. Mimi mwenye macho mawili sikuwa nimeliona.

Lala salama. Bado nina hasira kidogo, nitaimaliza polepole, na wewe huna haraka. Jumamosi ijayo nitaosha hapo nyuma ya betri, kwa sufuria, injini ikiwa baridi, na karatasi nne za nailoni za kufungia mkate, maana hizo bado zinaruhusiwa. Mama amesema atanishikia tochi. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi, kwamba nikiharibu kitu nitasema siku hiyo hiyo.

Ni mimi binti yako,
Nyambura