Udongo wa Nyamizi

Mtwara, Jumapili tarehe 9 Juni. Asubuhi mawingu mepesi, baridi kidogo.

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu mrudi na treni kutoka hospitali Tabora? Mimi mzima, ila vidole vimebabuka kwa utomvu wa korosho. Kiwandani wananicheka: "Mnyamwezi, vaa glavu, hizi si karanga za kwenu."

Simu yako ya Alhamisi bado iko masikioni. Ulisema majibu ya damu ya Nyamizi yameonyesha upungufu wa madini ya zinki. Daktari amekueleza kwamba watoto wengi waliozaliwa na sindromu ya Down kama mwanangu hupungukiwa hivyo, lakini udongo anaokula unazidisha, unazuia chakula kumfaa. Kisha ukasema, "Mwanangu, nimekuharibia mtoto."

Hapana, Mama. Nimefungua daftari langu, ukurasa wa siku niliyoondoka kuja huku: "Stesheni ya Bukene. Nyamizi kang'ang'ania sketi. Nimempa udongo wa kula wa sokoni, kaachia. Nimemwambia Mama, akinililia ampe kidogo." Basi miaka miwili amenililia, nawe umempa kama nilivyokuagiza. Mkono ulikuwa wako, agizo langu.

Nimetuma vipande vya korosho kwa basi. Vitwange viwe unga, utie kwenye uji. Visipotwangwa atapaliwa. Vidonge vya zinki alivyoandikiwa ampe mtu mmoja tu, wewe, asije akapewa mara mbili. Daktari hakuahidi kwamba atakuwa kama watoto wengine, amesema vidonda vya mdomo vitapona na atapenda kula. Hayo yananitosha.

Nikimenya korosho namkumbuka alivyokuwa akigawa karanga: moja yake, moja yangu, halafu na yangu anaila, ananiangalia kama nitasema kitu. Sikusema hata siku moja. Ningekuwa naye leo ningempa zote.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi wa Kanyenye aliyewapa pa kulala mlipokwenda hospitali.

Jana usiku, siku ya kwanza bila udongo, nilimsikia kwenye simu akinililia, nawe ukisema, "Usilie, mjukuu wangu, mama huyu hapa anakuimbia." Niliimba mpaka simu yangu ikaisha chaji. Nilipoiwasha nikakuta ujumbe wako: "Kalala."

Nimeandika daftarini: Nyamizi kalala saa nne kasoro robo. Mimi, saa nane.

Mwanao,
Zuhura