Kumbikumbi wa Manyoya

Mpendwa Baba Akinyi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoishi nacho. Mimi Mkuria wa Kehancha, wewe Mjaluo wa Migori. Ulipokuja kwetu kushona sare za shule hukujua neno la Kikuria, nami Kijaluo nilikisikia sokoni tu. Tukakutana katikati. Ndugu zako walitucheka, wakasema tunaongea nyumbani kama karani na mteja wake, na bado hatukubadilisha.

Niko Homa Bay sasa, kwa Akinyi. Cherehani nimekuja nayo.

Leo asubuhi imenyesha, na nimekumbuka jinsi mvua za vuli zilivyokuwa zikikutoa kwenye kibanda chako cha kushonea, kule kwenu Migori. Kumbikumbi wakianza kuruka, ulijua fwani wanapanda mto, wale samaki wa magamba makubwa yenye rangi ya shaba. Wenzako walivua kwa nyungunyungu na wakakaa kusubiri. Wewe ulitaka samaki aje juu. Ulikata kipande cha ndara kuukuu ili kielee, ukakifunga kwenye ndoano kwa uzi wa cherehani, kisha ukazungushia manyoya ya shingo ya jogoo. Hiyo nayo tukaiita kumbikumbi. Uliirusha ng'ambo, ukakaza mshipi, mkondo ukaivuta ikateleza juu ya maji ikiacha mkunjo nyuma yake, kama kitambaa kinachopita chini ya sindano.

Mchana ulichagua ya kahawia. Jua likizama ulichukua nyeusi, nami nikadhani umekosea, maana giza likiingia nani ataona kitu cheusi? Uliinua kumbikumbi juu ya kichwa changu ukaniambia nitazame kutoka chini, kama samaki. Niliiona wazi kabisa, imechorwa kwenye mwanga uliobaki.

Kisha macho yako yakaanza. Kwanza uzi ulipita kando ya tundu la sindano. Halafu mwalimu mmoja akarudisha suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na ukacheka naye, lakini jioni hukula. Tulikuja hospitali huku Homa Bay. Daktari, msichana mpole, alieleza kwamba presha ndani ya jicho imeua mishipa, kwamba kilichopotea hakitarudi, na dawa ya matone itachelewesha tu kupotea kwa kilichobaki. Njiani kurudi ulishika mkono wangu tangu Rongo hadi tukafika.

Nikaingia mimi kwenye cherehani. Ulikaa kando ukipitisha kidole gumba juu ya mishono yangu, na mahali palipopinda nilikusikia ukivuta pumzi. Hukuwahi kunisema.

Nilipotaka kukupeleka mtoni, kaka yako mkubwa ndiye aliyekuja na lile neno. Alisema si heshima mwanamume kushikwa mkono na mkewe kupelekwa mtoni, watu wakitazama kutoka darajani. Sidhani alikuwa na ubaya. Alikuwa anaona haya kwa niaba yako. Lakini ulimsikia. Vuli ile hukwenda, na iliyofuata hukwenda. Nilikuona ukipungua kwenye kiti chako kando ya cherehani, shati likakupwaya nikalazimika kulipunguza mabega.

Vuli ya tatu nilishusha ufito wako wa kuvulia kutoka darini nikakuwekea mkononi.

Ukasema, "Watu watasema."

Nikakujibu, "Wameshasema. Twende."

Unakumbuka jioni ile? Nilikusimamisha kwenye jiwe bapa chini ya daraja nikashika mkanda wako kwa nyuma. Nilichagua nyeusi mwenyewe, bila kukuuliza. Ulirusha vizuri, mkono haukuwa umesahau. Nami nikakusomea maji: imetua, imefika kwenye mkondo, inageuka, sasa inapita karibu na mzizi. Maji yalivimba nyuma yake. Nilijua ni samaki nikataka kukwambia, lakini wewe ulikuwa umeshamsikia. Zamani ukiwa unaona ulikuwa na haraka, ukimwona akiruka unavuta, unamnyang'anya kumbikumbi mdomoni. Safari hii ulisikia maji yakipasuka ukatulia, ukangoja mpaka uzito wake ukafika mkononi. Ufito ukapinda. Ulilia, Baba Akinyi. Nilijifanya nashughulika na samaki.

Tulikwenda hivyo kila vuli, na walio darajani wakatuzoea. Kaka yako mwenyewe akaanza kuja jioni kuuliza tumepata nini.

Halafu ukaja ule mwaka wa mvua isiyokoma. Mto ulifunika jiwe letu, ukafunika na shamba la jirani. Kifua kilikubana tangu wiki za kwanza, na barabara ilikuwa imekatika. Kila asubuhi kabla ya chai uliniuliza maji yana rangi gani, nami nilishuka nikayatazama, nikarudi kukwambia. Asubuhi ya mwisho nilikwambia bado yana rangi ya chai ya maziwa.

Ukasema, "Basi tungoje."

Ulikufa kabla hayajasafika. Kaka yako alichimba kaburi na wanawe huku maji yakijaa ndani, akayachota kwa debe, na hakumruhusu mtu mwingine kumpokea debe. Akinyi akaja kunichukua.

Nilidhani huku nitakuwa karibu na maji zaidi. Ziwa liko chini tu ya nyumba. Lakini gugumaji limelifunika, Baba Akinyi, kijani kitupu mpaka macho yanapoishia, na wavuvi wanakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wakicheza bao. Mgeni angedhani ni shamba. Ukisimama ufukweni husikii kitu.

Jumapili baada ya misa nilishuka na ufito wako. Mvuvi mmoja aliniambia, "Mama, hapo hakuna maji," nikamwambia naona. Nilirusha hata hivyo. Kumbikumbi ilitua juu ya majani, ikakaa pale, kavu. Nilivuta polepole ikanasa. Nikakata mshipi nikaiacha.

Pumzika huko kwenu karibu na mto. Mimi nitabaki huku kwa mtoto wetu.

Mkeo,
Mama Akinyi