Maumivu ya Mama Yanayohamahama

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya marehemu Baba.
Jumapili asubuhi, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Wanangu nao, wanakula vizuri, wanasoma, au wanakupanda kichwani? Natumai lile lori halijakumaliza mgongo. Sisi huku ni wazima. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida. Na Mama hajambo. Hilo "hajambo" la Mama nimeliandika kwa makusudi, maana ndilo lililonikalisha chini kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa unaniwahi, Kaka. Nikifungua mdomo tu, wewe umeshaamua. Leo utanisoma mpaka mwisho.

Tiketi ya Mama tumeipata, ahsante sana. Najua kilichokusukuma. Kila ukipiga simu unaambiwa Mama anaumwa, leo kiuno, kesho bega, na wewe uko mbali huwezi hata kumpa maji. Ukasema aje akae kwako moja kwa moja. Mama nilipomwambia hakubisha. Alisema, "Sawa, kama ameshaamua," akaenda chumbani kukunja shuka. Unaijua ile "sawa" yake. Roho iliniuma.

Kabla sijafika huko, niache kwanza nijisifu kidogo. Wewe huniita Vidole kwa utani, eti kazi yangu ni kupapasa watu wazima. Njoo uone. Chumba changu ni kidogo, kitanda cha kukandia, pazia, taulo safi, na jiko la kupashia maji, basi. Lakini kila anayelala pale ana ukandaji wake. Mwenye mawazo mengi namkanda polepole kwa mafuta, kiganja kizima bila haraka, na mara nyingi mwili hulegea akasinzia kabla sijafika mabegani. Mwenye misuli iliyokakamaa nambonyeza kwa kina kwa kidole gumba au kiwiko, taratibu. Kinyozi wa mtaa wa pili, anayesimama kutwa, yeye shida yake ni nyayo. Wacheza mpira nawanyoosha viungo. Halafu kuna yale mawe laini ninayoyapasha kwenye maji ya moto, kwa misuli isiyokubali kulegea mpaka ipate joto.

Kuna dereva mwenzako alikuja akaniambia, "Dada, vunja kabisa, mimi sisikii." Nikamwambia nitakwenda kwa kipimo. Akaona namdharau, akaenda kwa mwingine aliyemvunja kweli. Kesho yake alishindwa kuinua mkono kuchana nywele. Watu hudhani masaji isipokuliza haijafanya kazi. Wapi! Na akija mtu mguu mmoja umevimba na una joto, huyo simgusi. Namwelekeza hospitali, hata kama atanuna.

Basi Mama naye nilianza kwa kumpeleka hospitali. Daktari akampima presha, damu na mgongo. Akasema mifupa ni ya umri wake, haoni cha kutisha, atembee kila siku, na nikimkanda vizuri haitamdhuru. Nikafurahi, nikaona hii sasa ni kazi yangu. Nikamkanda kiuno. Siku ya pili maumivu yamehamia begani. Nikalifuata bega, yakaenda gotini. Nikaweka mawe ya moto, akaniuliza kama nataka kumchemshia chai mgongoni. Nikashika nyayo, akatekenyeka mpaka akatoa machozi ya kicheko, kisha akasema, "Sasa ni shingo."

Na kila mahali alipoonyesha, Kaka, nilikuta msuli laini. Nilianza kuitilia shaka mikono yangu mwenyewe. Nikawaza labda wewe ndiye uliye sahihi, labda huko kwenu kuna madaktari watakaoona nisichokiona mimi.

Siku tuliyopata tiketi nilikuwa na wateja wengi. Wakandaji tuna ugonjwa wetu, vidole gumba huvimba na kiganja hukaza. Jioni nikaja kumkanda Mama shingo, nikaishika chupa ya mafuta, kidole kikagoma, chupa ikadondoka na kuviringika chini ya kiti. Mama akageuka. "Hebu lete huo mkono."

Nikampa. Akanipaka mafuta, akabonyeza pale kwenye shina la kidole gumba, akavuta kidole kimoja kimoja, akakifungua kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Hakuniuliza inauma wapi. Nilikaa pale nikahisi nimekuwa mtoto wa shule. Mtindo ule nilikuwa naujua, na wewe unaujua.

Unamkumbuka Baba akitoka karakana? Viganja vimepasuka kwa mbao na gundi, amekaa kwenye kile kiti chake chenye mguu mmoja mfupi, ambacho seremala mzima hakuwahi kukitengeneza. Hasemi kitu, ananyoosha mikono tu, na Mama anaipokea. Sisi tuko mezani na madaftari yetu, tunagombea rula. Kila jioni ya Mungu. Hata alipolazwa, mpaka siku zile za mwisho ambapo hakuweza tena kuinyoosha, Mama alikuwa anaifuata chini ya shuka. Mimi nimesomea kazi hii, nina cheti ukutani, na sikuwahi kuwaza kwamba ile nayo ni masaji.

Mama hakuniangalia. Alisema, "Tangu Baba yenu aondoke, jioni zangu hazina kazi. Nikikaa, mikono inaniwasha. Nikilala, ndipo mwili wote unaanza."

Nililia, sikufichi. Yeye hakulia. Alimaliza mkono wa kulia, akadai wa kushoto, akaumaliza nao. Kisha akainama, akaingiza mkono chini ya kiti, akaitoa chupa ya mafuta na kwenda nayo jikoni. Hakushika kiuno, Kaka. Nilimkodolea macho mpaka akaniuliza, "Nini?"

Tangu siku hiyo, kila jioni nampelekea mikono yangu. Vidole vyangu havijawahi kuwa na afya hivi. Shemeji yako anaona haya ya ukwe, anabaki kutuangalia kwa pembeni kwa wivu. Fundi cherehani wa jirani naye anapita kuomba chumvi, kisha anaisahau chumvi, anavuta kigoda na kunyoosha vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano. Mama anamgombeza kwa kutovaa kifuniko cha kidole. Nyumba imepata kelele tena.

Sikwambii Mama amekuwa msichana. Goti bado humsumbua akikaa sana, na bega la kulia bado linataka kukandwa. Asubuhi tunatembea naye mpaka sokoni na kurudi. Tofauti ni kwamba sasa goti ni goti na bega ni bega. Maumivu nikiyaacha mahali, nayakuta pale pale.

Ndiyo maana nakuomba, Kaka yangu, usimhamishe. Huko mnatoka alfajiri wote, mnarudi mmechoka, kila mtu na chumba chake. Mama atakaa sebuleni amekunja mikono, na mtamletea vidonge. Najua ni mapenzi yaliyokununulisha tiketi ile, wala sikulaumu. Lakini kama wakata tiketi wanakubali kuibadilisha jina, ibadilishe iwe yako. Tangu mazishi hujakanyaga hapa. Nakukumbuka mno, na si Mama tu anayekungoja.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini. Nilijua atasema "sawa" yake. Akafikiri kwanza, huku anajifuta mafuta. Kisha akasema, "Mwandikie mimi siendi. Halafu mwulize, ile mikono yake aliyosema inakufa ganzi kwenye usukani, ameonana na daktari? Na nani anayeikanda?" Akasubiri kama vile uko mlangoni na utajibu. "Mwambie ailete."

Msalimie sana wifi yangu, mwambie mafuta aliyoagiza nimemwekea. Wabusu wanangu, waambie shangazi anawadai hadithi za shule. Shemeji yako anakusalimu, na fundi cherehani pia, ingawa anadai ulimvunjia dirisha utotoni. Mungu akulinde barabarani, akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinitania,

Vidole

Nilisahau: kile kiti chenye mguu mfupi tumekitoa karakana. Mama amekifuta vumbi, amekiweka pale pale mkabala na chake. Mimi hunyoosha mikono nikiwa kwenye mkeka na fundi cherehani kwenye kigoda. Kiti kile bado hajamruhusu mtu kukikalia.