Marehemu Asiye na Matanga

Jumapili

Nimefika pale penye kila mtu hulia, na mimi sikulia. Nilikasirika tu.

Makokha, kijana wangu anayefanya kazi Butali, ndiye aliniletea huu mchezo wa video wa mashujaa wa panga. Tangu tumzike mama yake anakujanga kila Jumapili. Tunaketi mbele ya TV, mimi nabonyeza, yeye ananielekeza. Leo msichana wa kikosi chetu akauawa. Nikangoja.

"Sasa tunamzika lini?"

"Hatumziki, baba. Bonyeza twende."

"Twende wapi na hata ng'ombe hatujachinja? Nani amebaki na maiti? Na wewe ulimlilia huyu?"

"Nililia sana. Nilikuwa kidato cha kwanza."

"Ulilia bure. Hata matanga hakuna!"

Akacheka. Akauliza kama nimechoka nao, auchukue arudi nao.

Mchezo wenyewe umenichosha tangu siku ya kwanza. Lakini akiuchukua, atakuja kufanya nini hapa? Sisi wawili tulikuwa tunaongea kupitia kwa mama yake.

Nikamwambia ni mtamu ajabu, ila sikuuelewa vizuri, turudie kutoka mwanzo.

Amesema tutamaliza karibu Krismasi. Mungu anisamehe.